Hatua Sitini na Tatu

Daftari lina jalada la bluu lililochanika pembeni, na kurasa zake za mwanzo zimejaa hesabu za hatua. Mwalimu aliyeliandika alikuwa muuguzi kwa miaka mingi kabla ya kuanza kuwafundisha wanafunzi wa uuguzi na utabibu wanaofanya mazoezi katika hospitali za Migori na Homa Bay. Siku moja mwaka 2016 aliwaambia wanafunzi wake sita watie kalamu mfukoni, wahesabu hatua kutoka chumba anakoonwa mgonjwa hadi chumba cha mshauri nasaha. Walipita dirisha la dawa, wakapita maabara, wakapita foleni ya akina mama wenye watoto wachanga, wakakata kona nyuma ya jiko, ndipo wakaufikia mlango. Zilikuwa hatua sitini na tatu. "Sasa niambieni," akawauliza, "geti la kutokea mmelipita kwenye hatua ya ngapi?" Walilipita kwenye hatua ya ishirini.

Hesabu hiyo ilitokana na kosa lake mwenyewe. Wiki moja kabla, alikuwa amesimama ubaoni saa mbili nzima akieleza nani ni nani katika timu ya matibabu. Daktari wa magonjwa ya akili husomea udaktari kwanza, kisha akabobea. Yeye huthibitisha ugonjwa na kuandika dawa. Mwanasaikolojia hupima na kutibu kwa mazungumzo yenye utaratibu. Muuguzi wa afya ya akili humtunza mgonjwa wodini na kumfuatilia akirudi nyumbani. Mshauri nasaha humsaidia mtu kuyapanga yanayomlemea na kubadili mwenendo unaomuumiza, uwe ni pombe, kukesha au kuacha dawa. Afisa wa ustawi wa jamii huingia panapohusu nyumba, watoto, karo na mume anayepiga. Wanafunzi walinakili yote, na kwenye jaribio la Ijumaa hakuna aliyepata chini ya saba kwa kumi.

Jumatatu yake, mama mmoja aliyekuja kupimwa shinikizo la damu aliangua kilio alipoulizwa habari za nyumbani. Mwanafunzi aliyekuwa akimhudumia, kijana hodari aliyepata tisa kwa kumi, aliandika kwenye kadi kwamba aende kwa mshauri, akanyoosha kalamu kuelekea varandani na kusema, "Mlango wa mwisho, mama." Mama alishukuru, akajifunga leso yake vizuri, akatoka. Kwa mshauri hakufika. Mlinzi wa getini alimwona akipanda bodaboda. Mwalimu hakumlaumu kijana. Alikumbuka kwamba katika saa zake mbili za ubaoni hakutamka hata neno moja kuhusu namna ya kumfikisha mtu pale.

Nyumbani kwao wanafunzi wale, mgeni haonyeshwi njia kwa kidole. Husindikizwa. Wajaluo hukuita kumsindikiza mtu kowo, na kila kabila lililowakilishwa katika lile kundi la sita lina neno lake. Mwenyeji huvaa ndala, hutoka na mgeni hadi kwenye ua, kisha hadi njia panda, na mara nyingi neno zito lililomleta mgeni hutoka hapo njiani, chai ikiwa imekwisha kunywewa na watoto hawasikii. Vijana hawa walilelewa katika adabu hiyo, ila waliiacha getini kila walipovaa koti jeupe. Mwalimu aliandika kanuni moja katika daftari lake: anayemwona mgonjwa ndiye amsindikize, amtambulishe kwa mshauri uso kwa uso, aseme kwa sentensi mbili, mgonjwa akisikia, kwa nini wamekuja, aongeze kwamba wanamtibu pamoja, asije mgonjwa akadhani ametupwa.

Wanafunzi walilalamika, na malalamiko yao yalikuwa ya haki. Foleni ya asubuhi katika hospitali za wilaya hizo za zamani huwa ndefu, na afisa wa kliniki akiinuka kitini, watu arobaini wanamtazama. Mwalimu alikaa varandani na saa yake ya mkononi. Kwenda, kutambulishana na kurudi kulichukua dakika tatu, mara chache nne. Kisha akawaomba watafute rejista ya wagonjwa wa nje na kuwatazama wale waliokuwa wakirudi kila mwezi na kichwa kisichopona au tumbo lisiloonekana kuwa na ugonjwa. Hakuwapa jibu. Aliwaacha wajumlishe wenyewe dakika ambazo mtu mmoja wa namna hiyo huwa amezitumia hadi mwisho wa mwaka.

Kuna sababu nyingine iliyowafanya watu wageuke nyuma kwenye hatua ya ishirini, na hiyo ina historia. Eneo hili lilibeba mzigo wa UKIMWI kuliko karibu sehemu yoyote ya Kenya. Utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa mwaka 2018 ulikuta asilimia 19.6 ya watu wazima wa Homa Bay wanaishi na virusi, na asilimia 13.0 ya wale wa Migori, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 4.9. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilianza kazi Homa Bay mwaka 1996, na mwaka 2001 hospitali ya umma ya mji huo ikawa miongoni mwa za kwanza nchini kutoa dawa za kupunguza makali ya virusi bila malipo. Mwaka 2004 ukaja mpango wa FACES, ulioendeshwa na taasisi ya utafiti ya KEMRI pamoja na Chuo Kikuu cha California, San Francisco. Washauri nasaha waliingia katika hospitali za huku kwa mlango huo. Wao ndio waliokaa na watu kabla ya kipimo na baada ya majibu, wakawafundisha kumeza dawa kila siku maisha yao yote, wakawasaidia kumwambia mume au mke.

Kazi hiyo ilikuwa kubwa na iliokoa maisha. Lakini ilifanya chumba cha mshauri kiwe, machoni pa wanakijiji, chumba cha virusi. Utafiti uliojulikana kwa jina la MAMAS, uliofanyika Migori na maeneo jirani mwishoni mwa miaka ya 2000, ulionyesha jinsi hofu ya kunyooshewa kidole ilivyowafanya baadhi ya wajawazito kukataa kupimwa na wengine kukwepa kujifungulia hospitalini. Sasa mtu aliyefiwa na mtoto, au mwalimu wa shule asiyelala kwa madeni, akiambiwa aende mlango ule, anasikia jambo jingine kabisa. Anajua jirani yake yuko kwenye foleni ya chanjo anamtazama. Ndiyo maana mwalimu alisisitiza zile sentensi mbili. Na palipowezekana, alipendelea mshauri ndiye atoke aje kuketi katika chumba cha daktari, kiti cha tatu kiwekwe, mgonjwa asisogee kabisa.

Si kila hospitali ina mtu wa kuitwa. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali alipochunguza huduma za afya ya akili mwaka 2017, alikuta hospitali 29 tu kati ya 284 za ngazi ya nne na kuendelea ndizo zilizokuwa zikizitoa. Mwanafunzi anaweza kumaliza mazoezi yake yote bila kumwona daktari wa magonjwa ya akili akifanya kazi. Atakachokutana nacho, akibahatika, ni muuguzi mmoja mwenye mafunzo hayo na mshauri mmoja au wawili wanaolipwa na mradi. Kama hakufundishwa kuwatambua, atawapita varandani kila siku akidhani ni makarani.

Somo lililobaki na mwalimu kuliko yote alilipata Homa Bay, na hakulifundisha yeye.

Alikuwa amewaleta wanafunzi kutoka Rongo kwa matatu, kupitia Rodi Kopany, kuhudhuria kikao cha timu katika kliniki moja ya kando ya ziwa. Faili lililokuwa mezani lilikuwa la mvuvi. Kipimo chake kilionyesha virusi vingi kupita 1,000 kwa kila mililita, kiwango ambacho mwongozo wa wakati huo ulikitaja kama dalili kwamba huenda tiba imeshindwa. Mwanafunzi mmoja, akitaka kuonyesha amesoma, alipendekeza mvuvi abadilishiwe dawa. Wengine wakatikisa vichwa kukubali. Mwongozo wenyewe ulitaka mgonjwa wa namna hiyo apewe kwanza vikao vya ushauri kisha apimwe tena baada ya miezi mitatu, lakini vikao hivyo wanafunzi waliviona kama muhuri wa kugonga ili dawa mpya iruhusiwe.

Mshauri alikuwa mama wa makamo aliyekaa karibu na dirisha, na nyuma yake ukutani palikuwa na kalenda ambayo baadhi ya tarehe zake zilikuwa zimezungushiwa kalamu nyekundu. Aliombwa aseme mwishoni, watu wakiwa wameshaanza kufunga mafaili. "Huyu anavua omena," alisema. "Mnajua omena inavuliwa lini?"

Waliotoka bara hawakujua. Omena huvuliwa usiku, gizani, kwa taa zinazoelea juu ya maji. Samaki hufuata mwanga, nyavu zikawazunguka. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazina nguvu, na mitumbwi mingi hupumzika. Dawa aliyokuwa akipewa mvuvi ilikuwa na efavirenzi ndani yake, ambayo huwapa wengi kizunguzungu na ndoto kali, na kwa sababu hiyo wagonjwa hushauriwa kuimeza wakienda kulala. Naye aliambiwa hivyo hivyo: saa tatu usiku. Saa tatu usiku yuko katikati ya ziwa, amesimama ukingoni mwa mtumbwi, anavuta wavu. Alijaribu mara mbili akakaribia kutumbukia majini. Tangu hapo alimeza wakati wa mbalamwezi tu, na usiku wa giza akaacha. Hakumwambia daktari kwa sababu daktari alimuuliza kama anameza dawa, naye akajibu kweli kwamba anameza.

Mshauri alikuwa amekwenda naye siku hadi siku, usiku hadi usiku, mpaka likatoka. Zile tarehe nyekundu zilikuwa siku za mwezi mpevu. Ndizo alizowapangia wavuvi kuja kliniki, wakiwa nchi kavu. Afisa wa kliniki alichukua kalamu, akahamisha saa ya dawa hadi asubuhi, mvuvi anaporudi na kulala. Dawa ilibaki ile ile.

Njiani kurudi, mwanafunzi aliyetaka kubadilisha dawa alinyamaza hadi Rodi Kopany, kisha akauliza mama yule alisomea wapi. Swali hilo lilimfurahisha mwalimu. Mpaka siku hiyo kijana aliamini kwamba mshauri ni mtu wa kufariji, kazi ambayo mwenye moyo mwema yeyote angeifanya. Kumbe kuna ufundi: kuuliza bila kutia aibu, kuyajua mazingira ya kazi ya mtu, kuvunja tatizo kubwa vipande vidogo na kuchagua kimoja cha kuanza nacho, kumpangia mtu aliyezama huzunini shughuli moja ndogo ya kila siku, kupima kiasi cha chang'aa bila kuhubiri. Kenya imeitambua taaluma hiyo kwa sheria, Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014.

Tangu hapo mwalimu alibadilisha utaratibu wa vikao vyake vya mazoezi: mshauri huzungumza wa kwanza. Wengine waliona ni kuvuruga itifaki. Ushahidi kwamba timu ya namna hii humponya mtu upo tangu zamani. Nchini Marekani, utafiti wa IMPACT uliochapishwa mwaka 2002 uliwafuata wazee 1,801 wenye sonona katika kliniki 18. Baada ya miezi 12, karibu 45 kati ya kila 100 waliohudumiwa na timu iliyojumuisha msimamizi wa afya ya akili walikuwa wamepungukiwa na nusu au zaidi ya dalili zao. Kati ya wale waliopata huduma ya kawaida walikuwa 19. Nyumbani Afrika kuna Zimbabwe, ambako tangu mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda amewafunza bibi wa mitaani kuketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasaidia kutatua jambo moja baada ya jingine. Utafiti wao wa mwaka 2016, uliohusisha watu 573, ulionyesha nafuu iliyo wazi. Bibi hao hawakuanza na jina la ugonjwa kutoka kitabuni. Walianza na neno la Kishona, kufungisisa, kufikiri kupita kiasi.

Jambo la lugha ndilo lililomuumiza mwalimu zaidi. Dodoso la PHQ-9, la kupima sonona, lina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, na la tisa linauliza kama mtu amewaza kwamba ni afadhali afe, au amewaza kujidhuru. Katika wodi moja, mwanafunzi asiyejua Kijaluo alimwomba mwanamke aliyekaa kando ya kitanda amtafsirie. Alikuwa mama mkwe wa mgonjwa. Maswali nane yalipita vizuri. La tisa lilijibiwa haraka, hapana, na mwanafunzi akaandika sufuri. Alasiri mshauri alikuja, akamtuma mama mkwe kuchota maji ya moto, akavuta kiti karibu. Hakutaja ugonjwa. Aliuliza habari za chuny, neno ambalo kwa Kijaluo ni ini na pia ni roho, kisha akauliza habari za paro, mawazo, yanakuja saa ngapi na yanasema nini. Mgonjwa alikaa kimya muda mrefu. Kisha akajibu swali la tisa.

Mwanafunzi alitaka kukimbia kumwita daktari. Mshauri alimshika mkono. "Keti, nyathina. Daktari atakuja. Sasa hivi anayehitajika ni mtu wa kukaa." Wakapanga pamoja na mgonjwa: nani atalala naye, vitu vya hatari nyumbani vitahifadhiwa kwa nani, atampigia nani mawazo yakija usiku. Muuguzi wa afya ya akili akaja jioni, daktari akaandika dawa asubuhi.

Kilichofuata ni kalamu kusita juu ya faili. Mgonjwa alikuwa amesema pia kwamba alishawahi kujaribu, na kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilikuwa kikimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji, kwa kifungo kisichozidi miaka miwili. Mwanafunzi aliogopa kumwandikia mtu kesi. Mshauri alimweleza tofauti ambayo mwalimu aliinakili neno kwa neno: timu iambiwe linalobadilisha matibabu, na yaliyobaki abaki nayo msikilizaji. Hofu ile ya kalamu iliondolewa rasmi miaka mingi baadaye, tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alipotamka kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba.

Mwalimu alipenda kuwatolea wanafunzi mfano wa Lwala, karibu na Rongo, ambako ndugu wawili waliokuwa bado wakisomea udaktari, Milton na Fred Ochieng', walifungua kliniki kijijini kwao mwaka 2007. Huko nyamrerwa, wakunga wa jadi ambao kwingine waliamriwa tu waache kazi yao, walifunzwa, wakalipwa, wakawa wahudumu wa afya wanaomleta mama hospitalini kujifungua. Ujuzi waliokuwa nao, wa kujua nani ana mimba na nani anaificha, haukutupwa. Mwalimu anaamini wazi kwamba washauri wanastahili nafasi hiyo hiyo, yaani mshahara unaotoka serikalini na kiti cha kudumu kwenye kikao.

Kwa sababu mradi hukatika. Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, wafanyakazi wengi wa kliniki za UKIMWI nchini Kenya walirudishwa nyumbani, washauri wakiwamo. Katika hospitali ile ya hatua sitini na tatu, mwalimu alikuta mlango umetiwa kufuli. Wanafunzi wapya aliokuja nao walihesabu hatua hadi mbele ya kufuli hilo, wakaandika.

Baadaye mwaka huo simu yake iliita jioni. Alikuwa yule kijana aliyewahi kunyoosha kalamu, sasa afisa wa kliniki katika kituo kidogo cha ufukweni. Alitaka kujua mwezi utapevuka tarehe ngapi, ampangie mvuvi siku ya kurudi. Mwalimu alimtajia, kisha akamuuliza mshauri wake yuko wapi.

"Alisimamishwa Februari. Lakini namba yake ninayo, na amekubali nimpigie. Tumeongea naye leo, yeye na mgonjwa, karibu nusu saa."

"Na foleni?"

"Ipo, mwalimu. Sista ananishikia kidogo." Alikuwa akihema kama mtu anayetembea, na kulikuwa na sauti ya mwanamume mwingine kando yake, ikisema jambo kwa Kijaluo. "Samahani, nitakupigia. Namsindikiza hadi barabarani."